Murafik Mwenye Kitanda Changu

Mimi nimegombana na wakubwa wengi katika nchi hii na sijuti hata mara moja. Nimesimama mbele ya ofisi ya maji pamoja na wanawake wa mtaa wetu hapa Ibra, kila mmoja na ndoo yake tupu, tukazigonga kwa miko mpaka mkubwa wao akatoka nje na kikombe cha chai mkononi, chai ikimwagika. Nimemfuata mwalimu mkuu mpaka sokoni, kati ya mbuzi na matikiti, kwa sababu ya vyoo vya wasichana. Darasani nilikaa miaka minne tu, kule Ujiji, kabla baba hajatupakia sote kuturudisha Omani. Kiarabu cha kusoma nilijifundisha mwenyewe kwenye makopo ya maziwa na magazeti waliyofungia samaki. Kwa hiyo mtu asije akaniambia Fakhriya ni mwoga. Lakini wiki ile niliyolazwa kutolewa mawe ya nyongo, nilishindwa kumwambia bibi mmoja wa miaka themanini na ushei maneno mawili matupu: nenda nyumbani.

Nianze na neno lenyewe lililoleta kizaazaa. Ukilazwa hospitali za kwetu, la kwanza utaulizwa: murafik wako nani? Murafik ni mtu mmoja, si wawili, si ukoo, anayeruhusiwa kukaa na mgonjwa wodini mchana na usiku. Wodi ya wanawake, murafik mwanamke. Anapewa kadi ya kuvaa shingoni, kiti kinachokunjuka kikawa kama kitanda cha mtu mwembamba, na sahani yake ya chakula. Yeye ndiye atakayekupa maji, atakayekushika mkono ukienda msalani, atakayemwita sista dripu ikisimama, na atakayesikiliza anayosema daktari siku ambayo akili yako bado imo ndani ya dawa ya usingizi. Hayo ndiyo matumizi ya neno hilo hospitalini.

Kwetu lina matumizi mengine. Kwetu sisi tuliotoka bara, watu wa Ujiji na Tabora na Bujumbura, murafik ni cheo. Ni kama kuchaguliwa kuongoza msafara wa posa. Hatuulizi nani ana nguvu za kumwinua mgonjwa. Tunauliza nani anastahiki.

Basi kaka yangu Ishak, anayekaa Nizwa na kujiona yeye ndiye serikali ya ukoo, akatuma sauti kwenye kundi letu la simu. Nilikuwa bado nyumbani nafunga mkoba.

"Bismillahi. Murafik wa Fakhriya atakuwa Mama Mdogo Tufool. Ndiye mkubwa wetu aliyebaki. Tukimruka yeye tukampa mtoto, watu watasema nini?"

Mtoto mwenyewe ni Rasha, binti yangu, ana miaka thelathini na tatu na ni mfamasia. Akajibu kwa adabu zote: "Mjomba, shikamoo. Mimi nshaomba likizo kazini na nshapewa."

"Irudishe," akasema Ishak.

Huyu ndiye Ishak ambaye mwaka sabini na tisa alikula sahani ya tambi za Idi niliyowekewa mimi, akasema kala paka. Hatukuwa na paka. Sijasahau, na kila nikimwona akitoa hukumu naziona tambi zile zinamning'inia mdomoni. Nikataka kupinga. Lakini nyongo ilinikata palepale nikapinda kama ndoana, na nilipoinuka watu wote wa kundi walikuwa wameshasema amina.

Mama Mdogo Tufool akaletwa kutoka Aija, ng'ambo ya hori kule Sur, kwa gari ya Ishak. Mimi nilikuwa nimetoka chumba cha upasuaji jana yake, tumbo limeshonwa upande wa kulia, mpira wa dripu mkononi. Akaingia wodini kama biharusi, taratibu, mkongojo kwanza na yeye nyuma yake. Nyuma yake tena mito miwili, mkeka, chupa mbili za kahawa, bakuli la halua, na saa ya ukutani, kwa sababu saa za hospitali hakuziamini.

"Shikamoo, Mama Mdogo," nikasema kwa sauti ya mgonjwa.

"Marahaba, mwanangu. Pole, pole, pole. Usiwe na wasiwasi tena. Nimefika."

Sista Nada, msimamizi wa wodi, binti wa hapahapa Ibra mwenye macho yasiyopitwa na kitu, akasimama kati yetu. Akautazama mkongojo. Akaitazama miguu ya Mama Mdogo iliyovimba kwa safari. Akaitazama miwani yake, minene kama kitako cha glasi.

"Nani murafik?" akauliza.

"Mimi!" akasema Mama Mdogo, na kadi akaiinamia mwenyewe, avishwe.

"Mungu asaidie," akasema sista Nada. Hakusema amsaidie nani.

Kiti cha murafik kina ufundi wake. Unavuta huku, unasukuma kule, kinalala. Mama Mdogo hakuvuta wala hakusukuma, alikaa tu kwa haki yake, na kiti kikamkunja. Nilisikia "Yallah!" nikageuka, nikaona mkongojo unapunga hewani na kanga na viatu viwili. Mimi, mtu niliyeshonwa jana, nikashuka kitandani na dripu yangu nikamvuta kwa mikono miwili. Akatoka kama kokwa kwenye tende yake.

"Kiti kile kina wenyewe," akasema akihema. "Hebu nipishe hapo kidogo ninyooshe mgongo. Wewe si bado kijana."

Mimi nina miaka sitini na mitatu. Nikampisha.

Na kidogo yake, mwanangu wee, ilikuwa na mkia mrefu. Alilala kitandani mwangu, mimi nikakaa kwenye kiti chenye wenyewe. Alipotaka maji nilimpa. Alipotaka msalani nilimshika mkono, tukaenda tunasukuma dripu yangu mbele kama wanandoa wanaosukuma gari bovu. Dawa yangu ya maumivu ilipoletwa aliuliza kama hakuna na yake. Chakula cha mgonjwa wa nyongo, supu ya shayiri isiyo na mafuta, alikionja akasema hiki si cha mtu, akanipa nimalizie. Yeye akala kuku wa murafik.

Jioni, saa ya kutazama wagonjwa, wakaja watu wa Ibra na wa Mudhaibi, familia nzima nzima, na chupa za kahawa na tende na vitumbua. Wakamkuta Mama Mdogo kitandani, mito miwili mgongoni, amejifunga kanga kichwani. Wakamwangukia. Wakambusu mikono. "Pole, Mama, Mungu akuondolee." Naye akaitikia, "Amin, amin, tunashukuru, operesheni ilikuwa ngumu." Kisha wakageuka kwangu, mimi niliyekaa kwenye kiti nimeshika tumbo, wakanipa mkono mmoja mmoja.

"Na wewe Fakhriya, Mungu akulipe. Unamuuguza vizuri."

Mmoja akaniambia nimekonda, nijitazame na mimi.

Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga mtu. Kucheka kulivuta nyuzi, kupiga kungevuta zaidi, kwa hiyo nilitabasamu tu nikamimina kahawa.

Asubuhi akaja daktari Marhun, kijana mrefu mwenye haya, na sista Nada akimfuata na jalada. Mimi nilikuwa nimesinzia kwenye kiti, buibui imenifunika mpaka kidevuni. Daktari akaenda moja kwa moja kitandani.

"Subahalkheri, Mama Fakhriya. Tumbo vipi leo?"

"Limejaa upepo, mwanangu," akasema Mama Mdogo.

"Maumivu?"

"Tangu nilipozaa mtoto wangu wa kwanza."

Daktari akatazama jalada. Akamtazama yeye. Akatazama jalada tena, pale palipoandikwa umri, na nikaona rangi inamtoka usoni. Wallahi, alidhani operesheni yake imemzeesha mtu miaka ishirini kwa usiku mmoja.

"Dokta," nikasema kutoka kwenye kiti, "mgonjwa huku."

Sista Nada akageukia dirishani mabega yakimtikisika. Daktari hakucheka. Akavuta pazia, akanifunua bandeji kwa ncha za vidole, na bandeji ilikuwa imelowa.

"Mama Fakhriya, hiki kidonda hakitaki inuka-inuka. Kimeanza kuachia pembeni. Ukiendelea hivi nitakurudisha chumba cha upasuaji nikushone upya. Unahitaji kulala. Kulala tu! Murafik yuko kwa kazi gani?"

"Hilo ndilo swali," nikasema.

"Umesikia, Fakhriya?" akasema Mama Mdogo kutoka kitandani mwangu. "Lala!"

Nikampigia simu Ishak. Nikamweleza yote, la kiti, la kitanda, la bandeji.

"Kwa hiyo unataka tumfukuze Mama Mdogo," akasema.

"Nataka kulala, Ishak! Kwenye kitanda changu! Mlete Rasha!"

"Mbele ya wodi nzima? Mama Mdogo avuliwe kadi? Umesahau ya Tiwi?"

Ya Tiwi sijayasahau, mimi ndiye niliyekuwepo. Binamu yetu wa huko alilazwa, akamrudisha wifi yake nyumbani kwa sababu ya kukoroma. Mpaka leo nyumba mbili zile zikikutana msibani, moja inakaa mlangoni na nyingine uani. Kwetu, kumwondoa murafik kabla mgonjwa hajapewa rukhsa ni kumwambia: hata nikifa, wewe sikutaki.

"Basi njoo umwambie wewe mkubwa," nikasema.

"Mimi? Mimi mwanamume niingie mambo ya wodi ya wanawake?" Na simu yake ikaishiwa chaji. Simu ya Ishak huishiwa chaji kwa akili kabisa.

Hii heshima yetu, naisema hadharani na ataniudhi atakayebisha, ina maradhi. Mzee tunamtukuza kwa kumkalisha penye kazi asiyoiweza, kijana anayeiweza tunamwambia rudisha likizo, kisha tunakaa pembeni na kusema mashallah, angalia tulivyo na adabu. Nilitaka kusimama juu ya kile kiti niwahutubie wagonjwa. Ningesimama, kama kisingenikunja.

Lakini kila nikifungua mdomo niseme yale maneno mawili, ulimi unaganda. Maana kumbukumbu yangu ni ndefu, na ubaya wake ni kuwa haichagui. Pamoja na tambi za Ishak inaniletea baridi ya kwanza ya hapa, tumetoka Ujiji na nguo za jua, nyumba ina zege tupu, mablanketi hayajafika. Mama alikuwa anamnyonyesha mdogo wetu. Aliyenichukua ni Mama Mdogo Tufool, akanitia ndani ya buibui yake, tukalala watu wawili vazi moja mpaka kulipokucha, na kila nikitetemeka alikuwa akiniimbia masihara ya mvuvi aliyevua kiatu chake mwenyewe. Sasa mtu kama huyo unamvua kadi vipi?

Nikajaribu kwa mbali.

"Mama Mdogo, kule Aija kuku wako nani anawalisha?"

"Jirani. Anawalisha kuliko mimi."

"Na miguu hiyo, hospitali hii ina baridi..."

"Nimeleta soksi."

Sista Nada naye akajaribu, kwa ulimi mtamu kama nini. "Mama, ukitaka kupumzika nyumbani kidogo, binti yake anaweza kuja badala yako."

Mama Mdogo akaishika kadi kifuani kwa mikono miwili. "Huyu ni mtoto wa dada yangu, ya binti. Dada yangu akiwa hai angekuwa hapa yeye. Mimi nimesimama mahali pake. Nitaondokaje?"

Sista akanitazama. Nikamtazama sista. Basi.

Katika kitanda cha dirishani alikuwapo bibi mmoja wa Samad Ash Shan, jina lake Turkiya, mkulima, amevunjika mguu kwa kuanguka kwenye ukingo wa falaj, mfereji wa kumwagilia mitende. Mguu ulikuwa juu, umetiwa plasta, na uso umeelekea ukutani. Wanawe wako jangwani kwenye mafuta, wakaza wanawe ni walimu, wanakuja jioni, wanakaa, wanakwenda. Tangu alipoingia sahani zake zilikuwa zinarudi kama zilivyokuja. Sista Nada alikuwa akimbembeleza kijiko kwa kijiko, na yeye anafunga mdomo kama mlango wa duka siku ya Ijumaa.

Mama Mdogo alimtazama sana kupitia ile miwani.

"Yule murafik wake yuko wapi?"

"Hana, Mama Mdogo."

"Hana?" Alisema kama nimemwambia yule hana kichwa. Akateremka kitandani. Peke yake! Bila kushikwa mkono! Akachukua chungwa langu, akachukua mkongojo, akaenda.

Kiarabu cha Mama Mdogo ni cha Sur kilichopitia Ujiji kikapotea njia. Hakimtii haya hata kidogo. Nilimsikia akisema, "Ya ukhti, dada yangu, kula. Hili chungwa zuri, lakini si kitu. Wewe ungekula nanasi la Ujiji, ungepona mguu na ungeota wa tatu."

Bibi Turkiya hakugeuka. Mama Mdogo akaendelea kumenya na kusifu. Nanasi la Ujiji, utamu wake, harufu yake, unalikata nyumba ya tatu wanajua. Hakuna tunda duniani linalolishinda. Hata tende, akasema, Mungu anisamehe, ni ngumu na inanata.

Uso ukageuka kutoka ukutani.

"Nini?" akasema Bibi Turkiya. Lilikuwa neno lake la kwanza tulilolisikia.

"Nasema tende inanata."

"Umekula tende ya nani wewe? Umekula khalas ya Samad?"

"Nimekula za Sur."

"Za Sur!" Bibi Turkiya akajiinua kwa viwiko, macho yanawaka. "Za Sur ni chakula cha ngamia! Fungua kabati hilo. Kuna chombo. Kula moja halafu useme tena maneno yako."

Mama Mdogo akala. Akatafuna polepole kama kadhi anayesikiliza mashahidi. Kisha akasema si mbaya.

"Si mbaya?" Bibi Turkiya akanyakua ya pili, akaila yeye, kuonyesha inavyoliwa. Akaila na ya tatu. Sista Nada alikuwa mlangoni na sahani ya wali, akanyatia kama mtu anayemnyatia ndege, akaiweka magotini kwake, na Bibi Turkiya akala akibishana, bila kujua anakula.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimekiona kitanda changu kitupu. Nikakipanda. Mto una harufu ya udi, shuka ina joto, nikanyoosha miguu yote miwili, na usingizi ukanichukua kama gari lisilo breki.

"Fakhriya! Fakhriya, mwanangu!"

Nikaruka. Nyuzi zikalia.

"Sijakuacha!" akasema Mama Mdogo, amenishika bega. "Usifikiri nimekuacha. Nilikwenda mara moja tu."

Ikawa ndiyo mchezo wa siku nzima. Anakwenda dirishani, nusu saa ya kelele na kicheko, tende na nanasi, ng'ombe na samaki, mume wa huyu na mume wa yule. Mimi nalala. Kisha dhamiri inamchoma, anarudi mbio kwa kadiri ya mkongojo, ananiamsha kuniomba radhi kwa kutoniamsha. Akishanitaka radhi anataka msalani. Tunakwenda na dripu.

Siku iliyofuata bandeji ililowa tena. Daktari Marhun hakuwa na haya tena, alikuwa na hasira, nikampenda kwa hiyo.

"Kesho asubuhi nikikuta hivi, tunarudi chumba cha upasuaji. Sina la kuongeza."

Basi nikajisema: Fakhriya, umegonga ndoo. Umemkimbiza mwalimu mkuu kati ya matikiti. Leo leo. Nikaipanga hotuba yangu, sehemu ya kwanza shukrani, ya pili kidonda, ya tatu Rasha. Alasiri Mama Mdogo akarudi kutoka dirishani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, hakuniomba radhi. Alikuwa anaizungusha kadi kidoleni.

"Mama Mdogo, nna neno," nikasema.

"Na mimi nna neno."

"Anza wewe, mkubwa."

"Anza wewe, mgonjwa."

"Hasha. Wewe."

"Haiwezi. Wewe."

Tungekuwa pale mpaka leo. Akakata yeye.

"Yule bibi hana mtu, Fakhriya. Mchana anakula kwa sababu ya kunikasirikia mimi. Nikiondoka anageukia ukuta. Jana kaniuliza, utakuja? Nikamwambia mimi ni wa mtu, nina mgonjwa wangu." Akashusha sauti. "Mwanangu, usinielewe vibaya. Wewe ni damu yangu. Lakini wewe huzungumzi! Kila nikikutazama umefumba macho!"

Mungu ananijua, nilijitahidi kuhuzunika. Nilikunja paji la uso, nikaushusha mdomo. Uso wenyewe ukakataa. Ulikuwa unafunguka kwa nguvu zake kama mlango wenye upepo.

"Mbona unacheka?"

"Sicheki. Kidonda kinauma."

"Nikikaa naye utasema nimekutupa?"

"Sitosema."

"Na Ishak? Na watu? Mimi nimewekwa na ukoo. Siwezi kuondoka hivihivi kama mpita njia."

Hapo nikaona njia. Sikuipanga, ilikuja yenyewe.

"Basi niache," nikasema.

"Nikuache vipi?"

"Kama wanavyoachana watu. Kwa heshima, mbele ya mashahidi. Unipe talaka."

Mama Mdogo akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena anitazame vizuri.

"Ngapi?"

"Moja tu. Rejea. Ukinitamani unanirudia kabla eda haijaisha."

Akacheka mpaka akashika mkongojo kwa mikono miwili, na mimi nikacheka nimejibana mto tumboni, machozi yananitoka, naumwa na nacheka, sijui kipi kilikuwa kikubwa. Tukamwita sista Nada tukamweleza. Tulijua kanuni ni kanuni: kadi ina jina la mgonjwa, na huwezi kuhama nayo kama mtu anayehama kiti. Sista akasikiliza amefunga mikono.

"Hana nguvu ya kumwinua," nikamwambia, maana sikutaka kumdanganya.

"Kuinua ni kazi yetu," akasema sista Nada. "Dada, murafik si mtumishi. Kuna wagonjwa wanaotaka mkono wa kuwashika, kama wewe. Na kuna wanaotaka tu wakifumbua macho wamkute mtu wao, basi, hata kama mtu mwenyewe amelala. Huyu wa dirishani hajapata mtu. Niwapigie wanawe, wakiridhia naandika kadi mpya."

Wanawe waliridhia kabla hajamaliza sentensi. Akamwuliza Bibi Turkiya mwenyewe.

"Aje," akasema Bibi Turkiya. "Lakini habari za nanasi sitaki kuzisikia."

"Utazisikia!" akasema Mama Mdogo.

Tukafanya mambo rasmi. Wagonjwa waliojiweza wakakaa kitako vitandani mwao, murafik wao wakasogea, sista Nada akasimama katikati kama kadhi. Mama Mdogo Tufool akasimama mbele yangu, wima kabisa.

"Fakhriya, binti wa dada yangu, nimekuacha. Talaka moja. Sikukuacha kwa ubaya. Nimekuacha kwa sababu hunihitaji, na yule ananihitaji."

"Nimepokea," nikasema.

Wodi ikapiga vigelegele. Kutoka dirishani mtu mwenye mguu juu akapiga kelele, "Mabruk! Haya njoo, kahawa inapoa!" Na Mama Mdogo akaenda, mito yake, mkeka wake, halua yake, mimi nikampigia simu Rasha. Alikuwa barabarani kabla sijasema mara ya pili, na alipofika hakusema kitu. Alinipandisha kitandani, akaupanga mto chini ya mbavu, akapeleka kikombe pale mkono wangu unapofika bila kunyooka.

Jioni wakaja watazamaji, na mbele yao Ishak, na kanzu iliyopigwa pasi na kofia mpya. Akasimama mlangoni, maana wodi ya wanawake inatishia. Akaniona kitandani. Akamwona Rasha na kadi shingoni. Akazungusha macho wodi nzima mpaka dirishani, akamwona mkubwa wa ukoo wetu amekaa kwenye kitanda cha mgeni anamenya chungwa. Midomo ikaanza kumcheza.

"Nani," akasema, "nani kamfukuza Mama Mdogo?"

Watu wa Ibra na wa Mudhaibi wote wakanigeukia mimi. Niliziona nyumba mbili msibani, moja mlangoni na moja uani. Nikafungua kinywa.

"Hakuna aliyenifukuza!" Sauti ilitoka dirishani, ikajaa wodi. "Mimi ndiye niliyemwacha! Mgonjwa gani yule, we Ishak? Hatulii! Mara kwenye kiti, mara msalani, mara anavuta watu kwenye viti! Hata siku moja sikumwona kalala kitandani kama mgonjwa! Nimevumilia mpaka nimechoka!"

Ishak akanigeukia taratibu. Nikaona hukumu inamjaa kifuani. Watu wakatikisa vichwa, wengine wakanyonya meno. Mama Mdogo, nyuma yao, alikuwa ameshatia kipande cha chungwa mdomoni na ananitazama kwa jicho moja.

"Fakhriya," akasema Ishak kutoka mlangoni, "mgonjwa hulala. Mgonjwa ana adabu zake..."

Ningeweza kumjibu. Majibu nilikuwa nayo, mengine tangu mwaka sabini na tisa.

"Ndiyo, kaka," nikasema. "Umesema kweli."

Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu, na Rasha ni shahidi. Akavuta pazia. Ishak alikuwa bado anaendelea na adabu za mgonjwa upande wa pili, sehemu ya kwanza, sehemu ya pili. Sijui kama ilikuwepo ya tatu. Asubuhi daktari Marhun alifunua bandeji akaikuta kavu. Nimeambiwa tu. Mimi nilikuwa nakoroma.